Zamu ya Uzi wa Nyuma

Katika kila mji niliofika kutafuta kazi, Kisangani, Arua, Juba, hata Kampala nilikokaa kuliko kwingine, mtu akinifungulia seva yake niitazame siangalii kwanza kama inakwenda mbio. Naangalia zile kazi zake za nyuma, zile ambazo hakuna mteja anayezingoja mlangoni, na nauliza zinapata zamu lini. Wengi hucheka. Wananiambia zimepewa kipaumbele cha mwisho, zitafanyika mashine ikipumzika. Nami nauliza tena: inapumzika lini? Tabia hiyo niliipata Bunia wakati wa vita, katika nyumba ya matofali nyuma ya parokia, na haijanitoka.

Nilikuwa na diploma ya sekondari na ujuzi kidogo wa kompyuta nilioupata kwenye duka la fotokopi. Watu fulani wa mjini walikuwa wamefungua ofisi ya kuwatafuta waliopotezana njiani. Siku zile familia zilikuwa zinakimbia kutoka Bambu, Mongbwalu na vijiji vya Djugu, zinatawanyika, mama anatokea Bunia, mtoto anatokea Mambasa au Beni akiwa ameshika nguo ya mtu asiyemjua. Sisi tuliandika waliopotea na waliookotwa, kisha tukawaoanisha. Kabila hatukuandika. Mkubwa wetu alikuwa prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari kabla shule yake haijaporwa mpaka mabati, na alikataza safu hiyo kuwekwa kwenye skrini. Mtu akianza kutaja lake, Prefe alimkatiza kwa upole: hilo hapa halitusaidii, tuambie mtoto alivaa nini.

Tulikuwa na seva moja chini ya meza, skrini chache za kuandikia, jenereta, ambayo kwetu huitwa grupe, na foni, ile redio ya kuongea na miji ya mbali. Kupitia foni wenzetu wa Mambasa na Beni walitusomea watoto waliookotwa kwao. Namba zilikuwa marufuku. Wenye silaha walisikiliza kila kitu, na ukitaja namba hewani watasema unaelekeza mabomu. Kwa hiyo umri wa mtoto ulisemwa kwa meno: huyu ameng'oa ya mbele, huyu ameota magego, huyu bado ananyonya. Mpaka leo nikiona mtoto nasoma meno yake kwanza.

Programu aliiandika fundi mmoja wa Butembo aliyesomea Kampala. Aliitengeneza vizuri, akaja kuiweka, kisha alipokwenda kwao kuona wazazi barabara ikafungwa nyuma yake, akakwama Beni njiani kurudi. Kabla ya kuondoka alinieleza ilivyo ndani. Kuna nyuzi, alisema: kazi zinazokwenda pamoja ndani ya programu moja, kila moja ikipewa kipande chake cha akili ya mashine kwa zamu. Nyuzi za mbele zinahudumia skrini, ili mwandishi akibonyeza, jibu lije palepale. Uzi wa nyuma ni mmoja, na kazi yake ni kumchukua kila aliyepotea na kumlinganisha na kila aliyeokotwa. Ni kazi nzito. Majina yaliandikwa jinsi sikio la mwandishi lilivyosikia, na watoto wengi walikuwa wamefundishwa kutoa jina jingine kwenye vizuizi, kwa hiyo uzi ule ulipima jina, kijiji, meno, nguo, kovu, vyote. Kila uzi una namba ya kipaumbele, moja hadi kumi. Wa nyuma alimpa moja. Watu wasingojeshwe mlangoni, alisema. Wakishaondoka, mashine ina saa zote zilizobaki za kutafuta kwa raha.

Nikaona ni busara. Nani angebisha?

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alifika Bunia kwa miguu kutoka Mongbwalu akiwa na watoto wawili badala ya watatu. Yule wa kati, msichana, alikuwa amempotea kwenye kizuizi kimoja njiani, risasi zilipolia na watu wakakimbilia kila upande. Nilimwandika mwenyewe: gauni la kijani, kovu la moto juu ya kiwiko, meno ya mbele ya juu ameng'oa. Yaya alipata mahali pa kulala chini ya hema la plastiki, kambini karibu na uwanja wa ndege, na kila asubuhi baada ya kupanga foleni ya maji aliwaacha wale wawili kwa jirani akaja kuketi kwenye ngazi ya ofisi. Aliniuliza swali moja tu, nami nikampa jibu moja.

"Mudogo wangu, masini inasema nini?"

"Inatafuta, yaya."

Akaitikia kwa kichwa, akaketi. Baada ya majuma kadhaa jibu langu lilianza kumchosha. Akaniambia kwamba hata yeye angekuwa anatafuta kwa miguu, kufikia sasa angekuwa amerudi kusema hakuna.

Si yeye peke yake aliyechoka. Watoto walipatikana, kweli, na kila mara mmoja alipopatikana tulipiga makofi ofisi nzima. Lakini watu walihesabu kuliko tulivyofikiri. Bwana mmoja aliyekuwa fundi wa baiskeli, mwenye kaka aliyempoteza upande wa Bambu, alisimama katikati ya foleni akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya mihogo, kwamba wote waliopatikana ni wa familia zilizolala uani kwa parokia tangu mwanzo.

"Siye wengine tunaandikwa tu," alisema. "Masini yenu iko na kabila."

Hakuna aliyecheka. Familia zile za parokia zilikuwa za upande mmoja, kila mtu alijua, na kwa msimu ule neno kama hilo lilitosha kuichoma nyumba na waliomo. Prefe alitoka nje akaeleza kwamba kabila hata halimo ndani ya mashine. Wakamsikiliza kwa heshima, kama wanavyosikiliza watu ambao hawajaamini.

Mimi nilirudi ndani nikafungua kile kidirisha cha fundi kinachoonyesha kila uzi na kazi yake. Nyuzi za mbele zilikuwa zinakwenda. Uzi wa nyuma ulikuwa umeandikwa unangoja. Nikauangalia muda mrefu kuliko nilivyowahi. Mara chache ulipata nafasi ndogo, ukasogea mtu mmoja mbele, ukarudi kungoja. Foleni yetu haikukatika tangu asubuhi, skrini hazikupumzika, na wa mwisho kwa kipaumbele akawa wa mwisho kweli. Mchana watu walipoisha nikasema sasa utakimbia. Ndipo Prefe akapita, kama kila siku, akatoa amri ile ile, na grupe ikazimwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Fundi alifikiria mashine ya Kampala, isiyozimwa. Sisi tulikuwa watu wa Bunia. Kwetu taa inayowaka bila mtu chini yake ni dhambi, na mazutu, mafuta ya grupe, ilikuja kwa vibidoni, yale madumu madogo, kutoka Uganda, siku inayokuja. Mtu wa mwisho akivuka kizingiti, grupe inanyamaza kabla hajafika barabarani. Tulijivunia hilo, tukaambiana ofisi nyingine zinachezea mafuta. Na kesho yake tulipowasha, uzi wa nyuma haukukumbuka ulipofikia. Ulianza upya kwa wa kwanza kuandikishwa. Hao wa kwanza ndio wale wa uani kwa parokia, kwa sababu ofisi ilifunguliwa mlangoni pao. Kila siku ulisoma wale wale, ukasogea kidogo, ukazimwa. Mtoto wa yaya alikuwa mbali kule, ambako hakuna aliyewahi kufika.

Nilimwendea Prefe nikamwomba saa za ziada za grupe kila siku baada ya watu. Alinionyesha bidoni. Haikuwa ubahili, mafuta yaliyokuwemo ndiyo yaliyoilisha foni, na bila foni hakuna mtoto wa Mambasa wala wa Beni atakayesomwa kwetu. Alikuwa na haki. Nikamwambia basi uzi wa nyuma upewe zamu pamoja na wa mbele, watu wakiwa bado wamo. Akauliza foleni itakuwaje. Nikasema itakuwa ndefu. Akasema nizungumze na fundi kwanza, kisha tutaona.

Fundi alipatikana foni asubuhi, na chumba kilikuwa kimejaa, maana watu walipenda kusikiliza foni hata isipowahusu. Nikamweleza. Mlio wa hewa, kisha akasema neno la Kinande ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Lakini angenielekezaje bila namba?

"Ukienda kwa matanga," alisema, "nani anakula wa mwisho?"

"Wapishi."

"Na wageni wakiendelea kuingia?"

Mama mmoja nyuma yangu, mwenye mtoto mgongoni, akanijibia kwamba hapo wapishi hawali kabisa, aliwahi kupika matanga ya baba mkwe akaanguka jikoni. Watu wakacheka. Fundi, aliyekuwa amemsikia, akasema huyo mama ndiye amenielewa, basi nimtoe mpishi jikoni nimketishe na mashemeji. Nilijua mezani kwetu mashemeji wanakaa wapi: chini ya wageni, juu ya watoto. Akaongeza kwamba kuna mistari mingine miwili kwenye faili ya mipangilio. Mmoja unamfanya mpishi ale matonge madogo, ale kidogo apumzike, asiishike sufuria peke yake. Wa pili unamwekea alama aliposimama, ili kesho aendelee hapo. Huo aliufunga kwa sababu ulichelewesha mashine. Niufungue.

Nikasema nimekopi, kama watu wa foni wanavyosema wakisikia. Sikuwa nimekopi vizuri. Nilikuwa namfikiria mtoto, na nilipofungua faili sikuona sababu ya kumketisha na mashemeji. Nilimpa kumi, kiti cha bwana harusi, na ule mstari wa matonge nikauacha, nikasema nitaushughulikia baadaye.

Uzi wa nyuma ulichukua mashine yote. Si hivyo tu: ulipokuwa unasoma daftari la ndani ya mashine, lenye majina yote, uliufunga mlango nyuma yake, na kila skrini iliyotaka kuandika ikasimama nje inagonga. Mwandishi anabonyeza, hakuna kitu. Anabonyeza tena. Herufi alizoandika zinatokea baada ya muda zote kwa mkupuo, kama watu waliobanwa mlangoni. Foleni ikazunguka nyumba ikafika barabarani. Fundi wa baiskeli alipita dirishani akaniuliza kama masini yangu imeshiba kabila moja sasa imelala. Prefe akaingia, akatazama skrini, hakupaza sauti.

"Rudisha kama ilivyokuwa."

Nikarudisha. Lakini sikwenda nyumbani kukubali. Asubuhi iliyofuata niliwahi kabla ya watu, nikafanya alivyosema fundi, kila kitu. Nne kwa uzi wa nyuma. Matonge madogo: usome watu wachache, uachie mlango, ulale kidogo, urudi. Alama ya mahali uliposimama. Kisha nikakaa mbele ya kidirisha huku skrini zikifunguka, na nikaona jambo ambalo halikuwahi kutokea. Uzi wa nyuma ulisogea. Mwandishi aliandika, ukapisha. Akamgeukia mtu kumwuliza kovu liko mkono gani, ukasogea. Tulipozima ulikuwa umevuka wale wa uani kwa parokia. Kesho yake ukaanzia hapo hapo.

Skrini zilikuwa nzito zaidi, hilo sikuficha. Mtu aliyekuwa akiandikwa kwa haraka sasa aliketi kidogo akingoja jibu. Foleni ilirefuka, jua lilikuwa kali, na mahali pale kusimama kundi kubwa nje hakukuwa salama. Prefe alikuja tena. Alisema ananielewa, ila akipata mtu mmoja aliyepigwa risasi kwenye foleni yetu atajibu nini. Aliniomba nirudishe moja mpaka hali itulie. Nikamwambia hali ikitulia hatutahitaji ofisi hii. Nikamwambia pia kwamba namba ile akiitaka airudishe kwa mkono wake, mimi sitairudisha. Sijui nilipata wapi mdomo huo. Nilikuwa kijana, naye ni mtu aliyemsomesha kaka yangu.

Tulikuwa mlangoni, na yaya alikuwa kwenye ngazi yake, akisikia kila neno. Akasimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu. Akamwomba Prefe radhi kwanza, kisha akaigeukia foleni.

"Wamama, wababa. Kuandika ni kwa upesi, kutafuta ni kwa pole. Wakiongeza upesi ya kuandika, kutafuta inasimama. Mimi nilikuja hapa kutafuta mutoto. Nani alikuja kuandikwa tu?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Basi tungoje," akasema. "Lakini tusisimame kama mbuzi wa soko. Tuketi ndani ya uwa wa parokia, kila mutu ajue nani iko mbele yake, aingie akiitwa."

Fundi wa baiskeli aliuliza kama wale wa parokia watatukubali uani mwao. Yaya akamwambia aje naye waulize. Wakaenda wawili, na sikusikia walichosema huko, ila nilimwona fundi wa baiskeli akirudi amebeba benchi kichwani, na nyuma yake mwanamke wa uani amebeba jingine. Mchana ule foleni iliketi chini ya paa. Prefe aliwatazama, akasema nisiguse namba, akaenda kuhakikisha bidoni imefungwa.

Tangu hapo karatasi za waliooanishwa na mashine zilianza kuwafikia watu wa kila upande. Hazikuwa nyingi kwa siku, na nyingine zilikuwa za uongo, jina linafanana na mtoto si yeye. Kaka wa fundi wa baiskeli alipatikana Beni, anauza chumvi, hana habari kwamba anatafutwa. Mimi nilikaa kwenye kidirisha nikihesabu si watu bali hatua: uko wapi sasa, umebakiza nani mpaka umfikie wa yaya. Yaya aliacha kuniuliza mashine inasema nini. Aliuliza imefika wapi, nami kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu la kweli.

Uzi ulipomfikia mtoto wa yaya ulimtolea karatasi kabla ya chakula cha mchana. Mambasa. Msichana, jina jingine kabisa, kijiji hajui, meno ya mbele yameanza kuota, kovu mkononi, anakaa kwa familia ya wafanyabiashara wa Butembo waliofungua duka la chumvi na sabuni. Gauni halikutajwa. Kanuni yetu ilikuwa mzazi asiongee foni kabla mtoto hajahojiwa, kwa sababu mzazi mwenye kiu humlisha mtoto majibu, na tulishawahi kumpa mama mtoto asiye wake. Kwa hiyo yaya aliketi nyuma yangu, mkono mdomoni, nami nikaomba wenzetu wa Mambasa wamlete.

Walimleta. Mtu wa foni kule aliniambia mtoto anaogopa hicho chombo, nimwulize kupitia kwake. Nikauliza siku waliyokimbia mama alibeba nini. Ikapita hewa tupu. Nikarudia. Ikapita hewa tena.

"Anasema mama alibeba bata," mtu wa Mambasa akasema. "Ndani ya kikapo, kichwani. Anasema bata ilikuwa inamuuma mama sikio, yeye akacheka, mama akamupiga."

Yaya hakuwa ameniambia habari ya bata. Nikageuka. Alikuwa ameshika sikio lake.

"Ni yeye," akasema. "Nilimupiga kwa sababu alicheka, na kizuizi kilikuwa mbele."

Mtu wa Mambasa alikuwa bado anaongea. Mtoto anauliza kama bata ilifika Bunia. Nilimtazama yaya nijibu nini. Bata ilichinjwa na wale wa kizuizini siku ile ile; hilo alinieleza baadaye. Aliisogelea foni, kanuni ikiwa imekwisha kazi yake.

"Bata haikufika," akasema. "Mimi ninakuja. Usitoke kwa duka ya hao watu, ata mutu akikuita kwa jina la mama."

Nilitaka kumwambia barabara ya Mambasa ina vizuizi, angoje msafara. Nilitaka kumwambia niende mimi. Alishafunga kitenge. Aliniambia mimi nina kazi, wale walioketi uani bado hawajafikiwa, nani ataangalia uzi wangu nikiondoka? Wale watoto wawili aliniachia mimi, akanionya mmoja anakojoa kitandani na mwingine anasema uongo kwamba ni yeye. Asubuhi alipanda lori la mbao lililokuwa linarudi tupu, akaketi juu na wanawake wengine, miguu yake imening'inia. Lori lilipoondoka nikawashika watoto mikono, tukaenda ofisini. Benchi zilikuwa zimejaa. Nikavuta kamba ya grupe, nikaingia ndani kuangalia uzi umesimama wapi.